Ombi la Kujengewa Ua Kati Yangu na Mjerumani

Ireneusz Wąsik,
Nyumba ya matofali mekundu, karibu na banda la wazimamoto,
Klein Wolpin.

Februari, wiki ya pili.

Kwa Mheshimiwa Bibi Ulrike Dörfel,
Mwenyekiti wa Kijiji cha Klein Wolpin.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: UA ULIOANGUKA, NA JIRANI ANAYEKATAA KUUGOMBANIA

Naanza kwa salamu na heshima zote zinazostahili cheo chako, kisha naomba radhi mapema kwa urefu wa barua hii. Jambo lenyewe lingeweza kuelezwa kwa mstari mmoja: nataka ua wangu. Lakini nimekaa kijijini hapa muda wa kutosha kujua kwamba ofisi ya Kijerumani haiamini jambo lililoelezwa kwa mstari mmoja.

Unanifahamu. Mimi ndiye Mpolandi wa kwanza kuhamia hapa kutoka mji wa Szczecin, ng'ambo ya mpaka, wakati nyumba zenu zilikuwa zinaanguka kwa kukosa watu na vijana wenu wote wamekimbilia magharibi. Sasa tuko wengi, lakini wa kwanza ni mimi. Ndimi fundi wa vigae niliyemtengenezea mama yako bafu, ukasema mbele ya watu, "Wapolandi wana mikono ya dhahabu." Nilitabasamu, ila moyoni niliungua. Sijasikia taifa zima la Wajerumani likisifiwa kwa sababu ya bafu moja la fundi wao. Hata hivyo leo siandiki kuhusu hilo, hilo nimelisamehe.

Upande wa kulia wa nyumba yangu anaishi Bwana Hartmut Lüdecke, mgane, mstaafu wa reli. Kati yake na mimi palikuwa na ua wa mbao. Dhoruba ya Oktoba iliulaza chini wote, kuanzia barabarani hadi kwenye miti ya plamu. Tangu siku ile hakuna ua, na jirani yangu anakataa kuujenga upya. Kibaya zaidi, anakataa hata tugombane. Naomba ofisi yako imwamuru kwa maandishi, na sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Kuhusu ua wenyewe. Kule kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba Mjerumani na ua wake ni kitu kimoja. Niliponunua nyumba hii nilijiandaa. Nilisoma sheria za ua kwa kamusi, usiku baada ya kazi: nguzo zinasimama upande wa nani, nani anagharamia upande upi, tawi la mti likivuka nani ana haki ya kulikata. Nilikata hata bima ya kumlipa wakili nikishtakiwa, maana niliambiwa hakuna Mjerumani asiye nayo, nami sikutaka kukutwa uchi.

Asubuhi baada ya dhoruba nilivaa koti la kanisani, nikaweka makaratasi yangu kwapani, nikaenda. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miaka. Hartmut alikuwa amesimama bustanini na mabuti ya mvua, anatafuna mkate. Nikamwambia, "Bwana Lüdecke, ua umeanguka." Akasema, "Naona." Nikamwuliza, "Sasa tunafanyaje?" Akaupiga teke kidogo ubao mmoja. "Kuni nzuri hizi," akasema. "Zitatutosha wote wawili mpaka Machi." Nikafungua makaratasi nianze kumsomea kifungu. Akanishika bega: "Ireneusz, miaka yote hii ule ua ulikuwa unanizuia kuona kama umeshaamka. Uache tu ulale."

Nilirudi ndani nikaketi na koti langu. Mke wangu Jolanta akaniuliza, "Vipi, amekutukana?" Nikamjibu, "Angenitukana ingekuwa afadhali."

2. Kuhusu kuaminiwa bila ruhusa yangu. Mwaka wa kwanza Bwana Lüdecke alikuwa Mjerumani wa kupigiwa mfano. Jioni alitoka na tochi, akazunguka gari lake, akatikisa kila mlango, akaitazama nyumba yangu kwa muda, kama impasavyo mtu aliyeambiwa kwamba Wapolandi huiba magari, kisha akaingia ndani. Nilimheshimu sana. Kila nilipokwenda Szczecin nilikuwa na cha kusimulia. Shemeji yangu Przemek alikuwa akininunulia bia ili tu niigize ile tochi. Tulicheka, tukakasirika, tukarudi nyumbani tukijijua sisi ni nani.

Sasa hivi funguo za gari lake zinaning'inia jikoni kwangu, kwenye msumari, pamoja na za nyumba yake, za stoo, na za kabati ambalo hata sijui liko wapi. Alinipa siku aliyokwenda kupasuliwa goti. Nikamwuliza, "Huogopi?" "Niogope nini?" "Mimi ni Mpolandi." Alifikiri kwa makini, kama kawaida yenu, akasema: "Ndiyo maana nimekuachia wewe. Mwanangu angesahau kumwagilia nyanya."

Nilimpigia Przemek simu. Alinihoji kama polisi. "Hajakuita mwizi?" Hajaniita. "Hata kwa utani?" Hata kwa utani. "Hata akiwa amelewa?" Akilewa anaimba. Przemek akahema. "Basi, ndugu yangu, amekudharau huyo. Mtu anayekuheshimu hufunga mlango."

Nakuomba uzingatie kwamba gari pekee lililowahi kuibwa katika mtaa wetu ni langu, na aliyeliiba ni kijana wa hapa hapa, Mjerumani kuanzia kwa babu yake. Hartmut alikuja kunipa pole na chupa. Sikujua niweke wapi uso wangu.

3. Kuhusu kuporomoka kwa utaratibu. Mheshimiwa, mimi sikuhamia hapa kwa sababu ya hewa. Hewa tunayo kwetu. Nilihamia kwa sababu niliahidiwa Wajerumani. Tangu utoto nimeambiwa kwamba ng'ambo ya mto treni zinafika kwa wakati, watu hawavuki taa nyekundu, na Jumapili hata nyuki wanaruka polepole. Nimekuta nini? Treni zenu sasa zinafika zikijisikia, na huyu Hartmut, aliyekula mshahara wa reli ujana wake wote, nikimlalamikia anasema, "Shukuru imefika." Dukani kwenu nikitoa kadi ya benki natazamwa kama nimetoa chura. Bibi yule wa duka la mikate aliniambia, "Huko kwenu mnalipa kwa simu, nimesikia. Mmeendelea sana." Mmeendelea! Nilikuja huku kudharauliwa kwa unyonge wangu, si kusifiwa.

Mimi naosha vikopo vya mtindi kabla ya kuvitupa. Navikausha. Hartmut anatupa kila kitu katika pipa la manjano, lililo la vifungashio tu, mifupa ya samaki humo, soksi humo, na Jumapili saa sita mchana anakata majani kwa mashine akipiga mluzi. Nilivumilia mpaka uvumilivu ukaniishia, nikapiga simu kwa wahusika wa taka. Ndiyo, nilimshtaki. Nani mwingine angemshtaki? Wajerumani wenzake wamekuwa walegevu kama yeye.

Akaja kijana mmoja na faili lake. Akatazama kwangu: mapipa yamepangwa kwa urefu, vifuniko vimefungwa. Akatazama kwa Hartmut: kandambili, fulana ya ndani, soksi zinachungulia kwenye pipa. Mara moja akaelewa mambo, alivyodhani. Akamwendea Hartmut akapaza sauti, polepole, neno moja moja: "Mzee. Hapa. Ni Ujerumani. Taka. Tunatenga. Umeelewa?" Hartmut akainamisha kichwa kwa adabu. "Naelewa kidogo kidogo," akasema. "Mimi mgeni. Yule Mjerumani pale ndiye ananifundisha." Akanionyesha mimi.

Kijana akaja hadi kwangu, akanipa mkono, akashusha sauti. "Pole sana, bwana. Najua si rahisi kuishi nao."

Sikufungua mdomo, maana lafudhi yangu ingeniumbua. Nilitikisa kichwa tu, kwa uchungu, kama mtu aliyevumilia mengi. Ni maneno matamu kuliko yote niliyowahi kuambiwa katika nchi hii, na tangu siku hiyo nikijitazama kwenye kioo naona aibu. Aibu hiyo ameileta Hartmut. Kama ua ungekuwepo, kijana yule asingetuona wote wawili kwa mtazamo mmoja.

4. Kuhusu nyumba ya mama yake. Mama yake Bwana Lüdecke alizaliwa Szczecin, enzi hizo mji ulikuwa wenu na uliitwa kwa jina lenu. Vita vilipokwisha walifukuzwa na mkoba mmoja. Sisi tukaingizwa katika nyumba zile, na mama mkwe wangu, ambaye nitamtaja zaidi, naye alikuwa amefukuzwa kutoka mashariki na mkoba mmoja vilevile. Kwa hiyo kila aliyekulia Szczecin alikua akimngoja Mjerumani aje kuidai nyumba. Alikuwa anakuja kiangazi, anasimama ng'ambo ya barabara na kamera, anaitazama nyumba. Bibi yangu alikuwa akifunga mapazia. Mimi, kwa upande wangu, niliandaa hotuba. Niliianza nikiwa mwanafunzi na nimeiongezea kila mwaka. Inaanza na nani alianzisha vita na inamalizia na Warszawa ilivyobaki kifusi. Ni hotuba nzuri sana, Jolanta hulia ikifika katikati.

Miaka na miaka Hartmut hakugusia nyumba hiyo. Kisha siku moja akasema, "Nipeleke nikaione nyumba ya mama." Hatimaye! Njia nzima nilikuwa naipitia hotuba kimoyomoyo, nikakosa kona mara mbili. Tukafika. Nyumba imekuwa zahanati ya meno. Akasimama ng'ambo ya barabara, kama wote. Akatazama juu. Nikavuta pumzi.

"Bomba la maji ya mvua wamelipaka rangi vizuri," akasema.

Kisha akasoma kibao mlangoni. "Hawa wanaziba meno pia?" Akaingia, akaomba nafasi, akapewa saa hiyo hiyo, jambo ambalo kwenu angelingoja mpaka jino litoke lenyewe. Alizibwa jino katika chumba cha mbele ghorofani, kile alichozaliwa mama yake. Akatoka shavu limekufa ganzi. "Chumba kina mwanga," akasema kwa shida. "Mama alikuwa anasema kina mwanga." Halafu akataka kujua ni wapi anaweza kupata pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha, laini, zisizohitaji kutafunwa.

Hotuba yangu ninayo mpaka leo. Imenikaa kooni. Naiuliza ofisi yako: mtu anaenda nayo wapi hotuba kama hiyo, mwenye kustahili kuisikia akiwa anataka pierogi?

5. Kuhusu sahani ya mgeni. Sisi Wapolandi mkesha wa Krismasi tunaweka mezani sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Bibi yangu aliiweka, mama yangu aliiweka, Jolanta anaiweka. Ni desturi nzuri mno, na uzuri wake wote uko hapo kwamba mgeni haji. Katika maisha yangu sijamwona mtu akiikalia sahani hiyo. Huwa inarudishwa kabatini safi kama ilivyotoka.

Mwezi wa Novemba, kwa kujivuna kwangu, nilimsimulia Hartmut desturi hiyo. Nilitaka ajue kati yetu nani ana moyo na nani ana bima tu. Akasikiliza mpaka mwisho. Krismasi ilipokaribia akapiga simu, ingawa angeweza kuvuka bustani. "Ireneusz, ile nafasi ya mgeni asiyetarajiwa, imeshachukuliwa?" Nikasema, "Ichukuliwe na nani?" "Vizuri. Basi niweke mimi. Mnaanza saa ngapi?" Nikamweleza kwamba hatuangalii saa, tunaanza nyota ya kwanza ikionekana. Akauliza, "Na kukiwa na mawingu?"

Kulikuwa na mawingu. Alifika saa kumi na dakika tano jioni, giza la Desemba linapoanza kuingia, mtu ambaye mwaka mzima hajawahi kufika mahali kwa wakati. Theluji ilikuwa inanyesha imechanganyika na mvua, barabara inateleza, na kwa goti lile asingethubutu kuzungukia mbele. Lakini ua haukuwepo. Alipita moja kwa moja bustanini, amevaa koti la reli na tai, amebeba bakuli la saladi ya viazi na soseji. Ndicho mnachokula ninyi usiku huo, nafahamu. Usiku huo sisi nyama haisogei mezani. Jolanta aliguna. Mimi nilifurahi, nasema ukweli, nikajua kwamba sasa amejimaliza mwenyewe.

Kwa maana mezani alikuwapo mama mkwe wangu, Mama Leokadia. Ana miaka themanini na nane. Tangu tumlete huku kuishi nasi, Hartmut alikuwa hana jina kwake, alikuwa "yule wa upande ule". Mara ya mwisho kuketi chumba kimoja na Mjerumani alikuwa mtoto, na Mjerumani huyo alikuwa na bunduki.

"Huyo nani?" akauliza. "Jirani, mama." "Mjerumani?" "Mjerumani, mama." Akamtazama yeye, akazitazama soseji, akaitazama sahani tupu. Tukangoja. Mimi nilingoja kwa matumaini makubwa.

"Sahani tumeiweka ya nini, mapambo?" akasema. "Akae."

Mheshimiwa, aliumega ule mkate mwembamba wa Krismasi na Hartmut kabla hajaumega na mimi. Mimi ni mkwewe miaka thelathini na zaidi. Kisha, yeye ambaye hajaonja nyama usiku huo tangu ana akili zake, alijipakulia soseji moja, akaikata vipande vidogo, akaila yote, ili bakuli la mgeni lisirudi halijaguswa. Ikabidi tule wote. Zilikuwa tamu. Hilo nalo nalilalamikia.

6. Kuhusu Mama Leokadia. Hapa naomba usome polepole.

Tangu Krismasi, kila alasiri anachukua fimbo yake, anapita pale ulipokuwa ua, anakwenda kwa Hartmut. Hajui neno la Kijerumani isipokuwa zile amri alizozisikia utotoni. Hartmut kwa Kipolandi anajua kuomba bia na kusema asante. Wanakaa jikoni. Yeye anamenya tufaha, mama anaongea. Jolanta anasema, "Mwache, amepata mwenzake." Mwenzake! Nikaenda nikasimama chini ya dirisha, kati ya pipa la manjano na ukuta. Sioni haya kulisema. Mtu ana haki ya kujua mama mkwe wake anasema nini kwa Mjerumani.

Alikuwa anamsimulia kuhusu baba yake. Jinsi alivyochukuliwa na Wajerumani asubuhi, kabla hajamaliza kufunga viatu, naye mama, wakati huo mtoto, akamkimbilia na kiatu cha pili mpaka njia panda, na askari akamwambia arudi. Kiatu hicho walikuwa nacho mpaka walipofika Szczecin, ndipo mama yake akakitupa jikoni kwenye moto. Habari hiyo mimi sijawahi kuisikia. Jolanta, binti yake wa kumzaa, hajawahi kuisikia. Kwetu sisi, baba yake "alikufa vitani", basi, tukaendelea kula. Amekaa nayo zaidi ya miaka themanini, na amekwenda kuimwaga mbele ya mtu asiyeelewa hata neno moja, Mjerumani, aliyekuwa anatikisa kichwa na kumpa vipande vya tufaha.

Jioni Hartmut akanifuata bustanini. "Ireneusz, mama leo alikuwa anasema nini?" Nikamjibu, "Anasema hali ya hewa mbaya mwaka huu." Akanitazama. "Amelia sana," akasema, "kwa ajili ya hali ya hewa."

Na juzi nilipokwenda kumrudishia nyundo nimekiona juu ya friji yake kitabu cha kujifunza Kipolandi. Kina alama za kalamu hadi somo la tisa. Anajifunza kwa siri, kwa mpangilio, kila siku, kama mnavyofanya ninyi mkishaamua jambo. Mheshimiwa, ninaogopa. Akishaelewa itakuwaje? Atavuka bustani siku moja na uso wake ule mpole, ataniomba radhi kwa niaba ya watu waliofanya waliyofanya yeye akiwa hajazaliwa, naye atamaanisha. Ataomba kwa Kipolandi. Halafu mimi nitabaki na nini? Nimerithi nyumba ya watu, mji wa watu, na hasira. Hasira peke yake ndiyo yetu tangu mwanzo, hatukuikuta ndani. Hiyo nayo niitoe bure, kwa vipande vya tufaha?

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo, na naamini ofisi yako ina mihuri ya kutosha. Ua urudishwe, mrefu kuliko ule wa zamani, usio na mwanya wa kupita bibi kizee na fimbo. Bwana Lüdecke aagizwe kunishuku, si lazima kila siku, hata mwisho wa mwezi itatosha. Achukue funguo zake. Atenge taka. Akitaka kunipungia mkono asubuhi, apunge akiwa ndani. Kitabu kile kichukuliwe na kupelekwa maktaba ya mjini, ambako hakuna atakayekiazima. Na kama sheria inaruhusu, apangiwe siku moja, hata saa moja, akae kitini asikilize hotuba yangu mpaka mwisho bila kutaja bomba la mvua.

Nikijibiwa kwamba Wajerumani siku hizi hawatoi amri kama hizo, nitajua kwamba kweli nchi imekwisha, na nitaandika kwa ngazi ya juu.

Nisalimie mama yako, na umwambie asimwage maji ya moto sana juu ya vigae. Nisalimie pia mumeo, mchungaji, wazimamoto wote wa kujitolea, na yule bibi wa duka la mikate, japo mwambie asinisifu tena. Jolanta anakusalimu. Mama Leokadia angekusalimu, ila hayupo nyumbani, na unajua alipo.

Ni mimi jirani yenu mvumilivu, mlipa kodi, mwosha vikopo,

Ireneusz Wąsik

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha Hartmut amepita kuazima ngazi. Nimempa aipitie barua, maana Kijerumani changu cha kiofisi bado kinachechemea. Amerekebisha mahali pawili, amesema imeandikwa kwa haki, na ameahidi kuisikiliza hotuba Jumapili. Lakini ameniletea habari iliyobadilisha kila kitu. Nyumba ya upande wangu wa kushoto, ya marehemu Bibi Krause, imeuzwa, na walioinunua ni Wapolandi kutoka Szczecin. Wameshakuja kupima. Wana magari matatu, mbwa mkubwa na muziki. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ikiwa kila kiwanja kinaruhusiwa ua mmoja tu, tafadhali yaache yote ya hapo juu. Ua ujengwe kushoto, na ujengwe haraka, kabla hawajahamia. Mbao atatoa Hartmut, kazi tutafanya wawili. Ameniuliza kama nina hakika, huenda ni watu wema. Nimemwambia asijidanganye. Watu hao mimi nawajua. Mpaka juzi nilikuwa mmoja wao.